Hewa Safi ya Jengo la Cheonghae

Tak Gyeong-su alikuwa mtu wa boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto. Wengi katika Jengo la Cheonghae hawakujua hata jina lake lote. Walijua tu kwamba baridi ikianza kukaza, mabomba ya ofisini yanaanza kugonga, halafu joto linapanda taratibu, na joto hilo linatoka kwa Tak.

Mimi naitwa Yeom, nilikuwa fundi umeme wa jengo hilohilo. Chumba changu na chake vilitazamana kule chini ya ardhi, na tulikaa hivyo miaka mingi mpaka mke wangu akawa ananitania kwamba nimeoa mara mbili. Ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona aliniambia yeye, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Alitoka Hapcheon, kwa wakulima wa vitunguu saumu. Alikuja hapa mjini Busan kijana, akabeba mizigo bandarini, kisha akapata nafasi ya kumsaidia mzee wa boila pale Cheonghae. Mzee alipostaafu, Tak alirithi chumba. Nasema chumba, sisemi kazi, kwa sababu alikitunza kama watu wanavyotunza sebule. Sakafu ilipigwa deki kila asubuhi. Kulikuwa na birika la chai ya shayiri, kandambili za wageni, na benchi la mbao alilolisogeza karibu na bomba kubwa. Bomba lenyewe lilikuwa limeviringishwa kitu cheupe, kama mguu wa mtu aliyevunjika. Hapo ndipo alipolala kidogo baada ya chakula cha mchana. Ule weupe ulikuwa umechakaa. Ulipochanika aliubana kwa mikono, akaupaka plasta, kisha akajipangusa kwenye suruali na kuendelea na shughuli zake.

Wakati wa baridi sote tulikimbilia kwake. Wafagiaji, mlinzi, matarishi wa kampuni za meli, wote.

"Ingieni, ingieni," alikuwa akisema, "mpashe makalio moto. Huko juu wana mazulia, sisi tuna joto."

Tulipika tambi, tukala na kimchi ya mkewe, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, tukasengenya mabosi mpaka tuchoke.

Mkewe aliitwa Ma Sun-deok, mwanamke mfupi, sauti kubwa, ulimi hauna breki. Alikuwa ameshona viatu kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani kule mlimani, na paa la nyumba ile, lililokuwa bapa, lilikuwa la wapangaji wote: huko walianika nguo, pilipili na majani ya figili. Mpangaji wa chini yao, mama mmoja aitwaye Chae, alikuwa mjane mwenye mtoto mchanga, Jin-mo, na alifanya kazi sokoni kutwa. Sun-deok ndiye aliyemlea mtoto yule. Alimbeba mgongoni akifua, akamlaza kwenye beseni juu kule huku akikung'uta nguo za Tak kabla ya kuziloweka. Jin-mo alipoanza kusema, alimwita mama mkubwa.

Basi maisha yalikwenda hivyo, mpaka jengo likapata mwenye mali mpya.

Wakati huo wapangaji walikuwa wanatuhama. Walikuwa wanakwenda kwenye minara mipya ya vioo kule ng'ambo ya daraja, minara yenye vibao vya shaba mlangoni vya kuthibitisha kwamba ni majengo ya kijani. Kampuni moja kubwa ya meli ilisema waziwazi kwamba haitaweka tena watu wake kwenye jengo lisilo na cheti hicho. Mwenye mali akaona bora alikarabati jengo kuliko kubaki na vyumba vitupu. Meneja wetu, Bwana Gu, akatukusanya wote mapokezi, akatuonyesha picha kubwa: Cheonghae ileile, lakini ina madirisha mapya, sola juu ya paa, na majani yanayoning'inia kwenye ukuta.

"Jengo letu litakuwa la kijani," akasema.

"Kwani hii rangi ya maziwa imewakosea nini?" Tak akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Hata mhandisi aliyekuja na Bwana Gu akacheka. Alikuwa mwanamke kijana, Seon Ha-yeong, ana miwani na viatu vya kazi vilivyojaa vumbi. Akajibu kwa heshima, "Si rangi, mzee. Maana yake lisile umeme na gesi hovyo, na wanaokaa ndani wavute hewa nzuri."

Baada ya mkutano alishuka chini peke yake. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikasikia.

"Mzee Tak, nimeona bora usikie kutoka kwangu. Boila itaondoka. Tutaweka pampu za joto juu ya paa."

Nikamsikia Tak anamimina chai. "Itakwenda wapi?"

"Itakatwa vipande."

"Waambie waikate polepole basi. Ni nzee, ina maumivu kama mimi."

"Wewe utabaki. Kutakuwa na chumba cha kuangalia mitambo mipya, mpaka ustaafu."

"Nitakuwa naangalia televisheni kwa mshahara?"

"Karibu na hivyo."

"Binti, kunywa chai yako. Umeniletea msiba na harusi kwa mkupuo mmoja."

Kwa kweli hakusikitika sana. Sun-deok ndiye aliyeshangilia. Alipokuja siku moja kuleta chakula, aliipiga boila kofi kama anavyopigwa ng'ombe. "Nenda zako! Nimefua uchafu wako mpaka vidole vimepinda. Sasa mume wangu atavaa shati jeupe kama watu."

"Shati jeupe nalo litafuliwa na nani?" Tak akamuuliza.

"Na wewe, mzee mzima. Una mikono."

Aliongea hivyo akakohoa, akashika ubavu, akasema ni hizi ngazi zenu za chini zinazomaliza watu pumzi. Sote tulikubali kwamba ngazi ni mbaya.

Kabla ya kubomoa chochote, sheria inataka jengo likaguliwe. Walikuja vijana wawili, wakavaa barakoa, wakakata kipande kidogo cha ule weupe wa kwenye bomba, wakakitia kwenye mfuko. Tak aliwashikia tochi. Hakuvaa chochote usoni, na wao hawakumwambia avae.

Siku chache baadaye, asubuhi, tulishuka pamoja ngazi kama kawaida, tukakuta njia imezibwa kwa nailoni kutoka juu mpaka sakafuni. Nyuma ya nailoni watu walikuwa wakitembea, wamevaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima, viatu vimefunikwa, nyuso zimefichwa kwenye barakoa kubwa zenye vichujio pande zote mbili. Mmoja wao alituona, akatoka kupitia kama kibanda kidogo walichokijenga mlangoni.

"Wazee, rudini juu. Hapa haparuhusiwi."

"Nimekuja kuchukua kandambili zangu tu," Tak akasema. "Na birika."

"Haviwezi kutoka. Kila kitu cha humo kinafungwa kwenye mifuko na kwenda kuzikwa."

"Kandambili zinazikwa?"

Mimi nikacheka. Tak naye akacheka, akasema, "Na mimi je? Nimelala humo kila siku. Nami mtanitia kwenye mfuko?"

Yule mtu hakucheka. Tuliona macho yake tu kwenye kioo cha barakoa. "Umelala humo tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa."

Akageuka kuwaangalia wenzake. Ndani kule wawili walikuwa wameinua lile benchi la mbao, wamelifunga nailoni mara mbili, wanalibeba kwa tahadhari kubwa, kama limebeba mtu. Kicheko cha Tak kilikatika hapohapo.

Mhandisi Seon alitukuta tumekaa kwenye ngazi. Alikaa na yeye, chini kabisa, bila kujali suruali yake.

"Ile nyeupe ni asbesto," akasema. "Zamani ndiyo iliyotumika kila mahali kuzuia joto lisipotee. Ikitulia haina neno. Ikichanika inatoa nyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona. Zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa wake unakawia sana kujitokeza."

"Lakini walishawahi kuja watu kupima," nikasema. "Nakumbuka."

"Walipima dari za ofisini. Chini hawakushuka."

Tak alikuwa anatazama viganja vyake. "Mimi nilikuwa naipaka plasta," akasema. "Naibana hivi, kwa mikono. Nikaona nafanya vizuri."

"Mzee, hukujua. Hakuna aliyekuambia."

Sisi sote wa chini tulipelekwa hospitali kupigwa picha za kifua. Mimi sikuwa na kitu. Tak alikutwa na makovu madogo, daktari akamwambia hayana shida kwa sasa, arudi kila mwaka kuangaliwa. Alifurahi kama mtu aliyeponea ajali. Njiani alinunua nyama ya nguruwe na chupa ya pombe, soju, akanilazimisha tupande mlima hadi kwake tukale.

Sun-deok alituchomea ile nyama mezani. Alikuwa amekonda. Nilikuwa sijamwona kwa muda na nikashtuka. Alikuwa akigeuza nyama, anakohoa, anageuka pembeni, anarudi. Tak alikuwa anasimulia habari za picha, mapafu yake yalivyoonekana kama ramani, mara akaiacha sentensi katikati.

"Kikohozi gani hicho?"

"Cha moshi. Kula."

"Kilianza lini?"

"Tangu majani yalipoanza kudondoka. Ni uzee huu, wewe kula nyama yako."

"Na ule ubavu?"

"Tak Gyeong-su, umetoka hospitali leo umeshakuwa daktari?"

Hakula tena. Kesho yake alimpeleka hospitali, mkewe akigomba njia nzima.

Yaliyotokea huko aliniambia kwenye kibanda cha supu nyuma ya jengo, supu ikipoa mbele yetu. Vipimo vilichukua muda. Siku ya majibu daktari, mtu mpole, alimuuliza Sun-deok kama aliwahi kufanya kazi mahali penye asbesto. Akasema hapana, alishona viatu. Nyumba yao je, paa lake? Paa ni zege. Ndipo daktari akamuuliza Tak kazi yake. Tak akamwambia. Daktari akaandika, halafu akauliza bila kuinua kichwa:

"Nguo zake za kazi alikuwa anazifua nani?"

"Mimi," Sun-deok akajibu. "Angezifua nani mwingine?"

"Unajua, Yeom," Tak aliniambia, "daktari alinyamaza. Yule mwanamke hanyamazi hata usingizini, lakini naye alinyamaza. Nikajua wamekwisha kuelewana wao wawili, mimi ndiye wa mwisho."

Ilikuwa saratani ya utando wa mapafu. Haikuwezekana kukatwa wala kurudishwa nyuma. Walimpa dawa za kupunguza maji kifuani na za maumivu. Tak aliomba likizo, na Bwana Gu alimpa bila kinyongo, nadhani kwa kuogopa zaidi kuliko kwa huruma.

Nilidhani Sun-deok atamlaumu mumewe. Mke wangu alidhani atamlaumu mwenye jengo. Hakufanya hivyo. Kitu kilichomkosesha usingizi kilikuwa lile paa la kuanikia nguo.

"Nilikuwa nazikung'uta pale," alisema siku tulipokwenda kumsalimu. Alikuwa ameegemea mito, anaongea maneno machache kisha anapumzika. "Kabla ya kuloweka. Upepo unapeperusha. Pilipili za watu ziko pale. Na Jin-mo yuko kwenye beseni, anacheka, anashika vumbi kwa mikono."

"Usifikirie hayo sasa, shemeji," nikasema.

"Nifikirie nini basi? Bei ya kabichi?" Akamgeukia mumewe. "Uende ukawaambie. Wote."

"Nikawaambie nini?"

"Wakapimwe. Anza na Chae."

"Sun-deok, watu watatuonaje?"

"Mimi nakufa, nawe unaogopa jirani atakuonaje?"

Alikwenda. Aliniomba nimsindikize, nikamsindikiza. Alivaa suti yake ya sherehe, sijui kwa nini, akagonga kila mlango wa nyumba ile, na milango ya wale waliokuwa wamehamia mitaa ya karibu. Alisimama kwa adabu, mikono imeshikana mbele, akasema maneno yaleyale: kwamba kazini kwake kulikuwa na vumbi baya, kwamba lilikuja kwenye nguo zake, kwamba mkewe alilikung'uta juu ya paa bila kujua, kwamba tafadhali wakapigwe picha ya kifua. Kisha aliinama.

Wengine walimshika mkono wakamwingiza ndani. Mzee mmoja alisema amevuta sigara tangu jeshini, vumbi la Tak litamfanya nini. Mwanamke mmoja kijana, mpangaji mgeni ambaye hata hakuwahi kumwona Sun-deok akifua, alifunga mlango kabla hajamaliza, tukasikia anawaita watoto wake watoke dirishani.

Kwa Chae tulikaa sana mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Naye alikuwa mzee sasa.

"Jin-mo anajua?" akauliza.

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Mkewe ni mjamzito."

"Najua. Sun-deok amemfumia mtoto soksi."

Chae aliweka mkono kwenye mlango, nikadhani na yeye ataufunga. "Nilimwachia mwanangu kwa sababu nilimwamini kuliko dada yangu," akasema. "Angekufa njaa mtoto yule kama si yeye. Sasa unaniambia nini, Tak? Nimshukuru au nimlaani?"

"Sijui, mama Jin-mo. Nilaani mimi."

"Wewe una faida gani hata ukilaaniwa!" Akaanza kulia, akageuka ndani, akauacha mlango wazi. Hatukujua kama ni ishara ya kuingia au amesahau. Tulisimama pale kidogo, halafu Tak akauvuta taratibu, tukashuka.

Jin-mo alipimwa. Hakukutwa na kitu, lakini aliambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa Tak, arudi kila mwaka, maisha yake yote. Alikuja hospitali kumwambia Sun-deok mwenyewe. Alimwambia hana kitu kabisa, basi, akaishia hapo. Nadhani Sun-deok alijua ameambiwa nusu ya habari, lakini siku ile alikula uji wote.

Ukarabati ulikuwa umekwisha. Siwezi kusema jengo halikupendeza. Madirisha yalizuia kelele za barabara, taa zilijizima zenyewe mtu akitoka, maji ya mvua yalikusanywa ya kumwagilia ule ukuta wa majani. Ile kampuni ya meli ilirudi. Siku ya kutundika kibao cha cheti, Bwana Gu alitaka Tak awe mmoja wa wakata utepe, kama mfanyakazi wa siku nyingi kuliko wote.

"Siendi," Tak akamwambia mkewe.

"Nenda," akasema. Wakati huo sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayenong'ona siri. "Valia shati jeupe. Nilisema utavaa shati jeupe."

Alikwenda. Alisimama kati ya mwenye mali na afisa wa jiji, amevalishwa glavu nyeupe na ua kifuani. Afisa alihutubia kuhusu vizazi vijavyo. Mwenye mali alisema kwamba tangu leo kila anayefanya kazi Cheonghae anavuta hewa safi kabisa, imepimwa na kuthibitishwa. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Tak. Alikuwa anapiga makofi na yeye, polepole, kama mtu aliyeamrishwa. Walipokata utepe, mkasi wake haukukata. Ulikuwa unapinda utepe tu, na yeye anaminya, anaminya, mpaka Mhandisi Seon akasogea, akaushika utepe ukakaza, ukakatika.

Simu yake ilikuwa imelia mara kadhaa katikati ya hotuba na hakuisikia, kwa sababu alikuwa amezima mlio kwa heshima ya wageni. Alipoiangalia alitoka mbio, na glavu zile mkononi. Nilimfuata. Tulipofika hospitali tulikuwa tumechelewa: Chae alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, ameushika mkono wa Sun-deok. Alikuwa amekuja kumwona siku ile kwa mara ya kwanza tangu tugonge mlango wake, akamkuta bado anapumua.

"Aliuliza umevaa nini," Chae akamwambia Tak. "Nikamwambia sijui, lakini bila shaka umependeza."

Msiba uliwekwa palepale hospitali, kama ilivyo desturi yetu. Tulikunywa supu ya nyama yenye pilipili, tukacheza karata kidogo ili wafiwa wasibaki kimya. Mhandisi Seon alikuja peke yake, akainama mara mbili mbele ya picha ya marehemu, kisha akaja kumwinamia Tak, akashindwa kuinuka.

"Binti, inuka," Tak akasema. "Kama si kazi yako, angekufa na kikohozi tu. Nisingejua kitu."

"Nisamehe, mzee."

"Sijui kama ninakushukuru au la. Lakini inuka, sakafu ina baridi."

Serikali ilimtambua Sun-deok kuwa mmoja wa walioathirika na asbesto. Wenye jengo wa zamani kampuni yao ilikuwa haipo tena, na mwenye jengo mpya alisema, tena kwa kweli, kwamba yeye ndiye aliyeiondoa. Tak hakumfikisha mtu mahakamani. Alirudi kazini, akakaa kwenye kile chumba cheupe chenye skrini, akivaa mashati yaliyokunjamana kwa sababu hakujua kupiga pasi. Hakudumu. Hata majira ya joto hayajaisha alimuaga Bwana Gu, akarudi Hapcheon kwa dada yake.

Nilikwenda kumtembelea msimu wa kung'oa vitunguu saumu. Alikuwa amezeeka haraka. Dada yake alinivuta pembeni akaniambia Tak hajaenda kupigwa picha ya kifua, ameacha miadi miwili ipite. Jioni tulipokaa kibarazani nikamuuliza mwenyewe.

"Nitaendea nini?" akasema. "Wakiniambia ninayo ile saratani, ni sawa tu. Wakiniambia sina, je? Mimi niliyekuwa nalala humo sina, halafu nitamwambia nini Sun-deok?"

Nilimwambia tu kwamba mwezi ujao nitakuja na gari la mwanangu, nimchukue, twende wote wawili, maana mimi pia natakiwa kupimwa. Alichambua vitunguu vyake, akafunga fungu, akaanza jingine. Hajakubali mpaka leo. Lakini pia hajakataa.